Vibanio vya Bi Shirin

Mliponiaga pale chumba cha walimu mkanipa leso za kujifunga na saa ya ukutani, mmoja wenu alinishika mkono akasema, "Mwalimu, tuandikie, tujue nyinyi mlikuwa mkifanyaje." Saa ya ukutani ni zawadi ya kushangaza kumpa mtu ambaye hana tena kengele ya kuwahi. Nimeitundika hata hivyo, na sasa inanitazama nikiandika. Vyeo sitavitaja, vilikuja vilipotaka vyenyewe, na mshahara hauna hadithi. Nitawaandikia jinsi ya kufundisha neno moja dogo la Kiingereza lenye maana nyingi, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Tena nitawaandikia habari za walimu wawili niliofanya nao kazi hiyo, mmoja niliyempenda na mmoja niliyemwonea wivu.

Wivu nautanguliza ili usije ukawashtua mbele. Mimi ni mtu wa wivu tangu utotoni. Mamangu alikuwa akisema kwamba hapa Kibokoni, Mombasa, hakuna aliyethubutu kumbeba mtoto wa jirani nikiwa karibu, maana ningelia mpaka ashushwe. Watu hunishauri niache. Kazi nimestaafu, wivu bado.

Siku yangu ya kwanza nilipita soko la Marikiti mapema, kabla mahamali hawajaiziba njia kwa mikokoteni, viatu vipya vikinibana na mkobani nina andalio la somo nililoliandika kwa wino wa buluu. Nilipewa darasa la nne, lile mnaloliita gredi siku hizi. Neno la siku hiyo lilikuwa 'keep'. Nikaandika ubaoni kwamba 'keep' ni kuweka, na watoto wakaimba, "Keep, kuweka! Keep, kuweka!" Kisha nikawapa sentensi ya kitabuni kuhusu bwana mmoja anayeweka kofia yake ndani ya sanduku la kofia. Hakuna mtoto katika darasa lile aliyewahi kuona sanduku la kofia, na mimi vilevile. Waliinakili kwa hati safi, nikaridhika.

Ndipo niliposikia kicheko. Darasa langu na la jirani yalitenganishwa na ukuta wa mbao, na mbao zenyewe zilikuwa zimeachana. Watoto wa upande wa pili walikuwa wakicheka kwa pamoja, na hakikuwa kicheko cha utundu. Kisha wote wakapaza sauti wakauliza kwa Kiingereza, "Where?" Sauti moja ndogo ikajibu kitu ambacho sikukisikia, na kicheko kikaanza tena. Watoto wangu walikuwa wameinua vichwa kutoka kwenye kofia ya yule bwana, wanautazama ukuta. Hata mmoja hakunitazama mimi. Sijamaliza kipindi changu cha kwanza katika kazi hii na tayari nilikuwa na wivu.

Kengele ilipolia nilikwenda kuchungulia. Mwalimu wa huko alikuwa Bi Shirin, mwanamke mdogo wa umbo, Mhindi Mwislamu mzaliwa wa Mji wa Kale, ambaye mumewe alikuwa na duka la leso Biashara Street. Kiswahili chake kilikuwa cha hapa hapa. Akikasirika tu ndipo alipogeukia Kigujarati. Katikati ya darasa lake ilipita kamba, kutoka nondo ya dirisha hadi msumari wa ukutani. Ilikuwa kamba ya kufungia marobota, kutoka dukani kwa mumewe, na juu yake vilining'inia vipande vya karatasi vilivyokatwa kwenye kalenda za zamani, kila kimoja kimeshikwa na kibanio cha nguo cha mti. Neno lilikuwa lile lile langu.

Nilizisoma sentensi zao. 'My grandmother keeps hens on the roof', yaani bibi yake anafuga kuku juu ya paa. 'The fish did not keep', yaani samaki hakukaa, aliharibika. 'The bus kept us at Mwembe Tayari', maana basi la bara liliwasubirisha na mizigo yao. 'My brother cannot keep a secret', na huyo ndugu asiyeweza kutunza siri, niliambiwa, ndiye aliyekaa dawati la pili amenuna. Sentensi zenye maana inayokaribiana zilikuwa zimesogezwa pamoja, na baina ya kundi na kundi pameachwa nafasi. Kanuni ya Bi Shirin ilikuwa kwamba sentensi isitoke kitabuni. Liwe jambo lililokutokea au uliloliona kwa macho yako. Ukishaitundika, darasa zima linakuuliza, "Where?", nawe huna budi kusema ni wapi. Ukikosa pa kusema, karatasi inashuka.

"Bi Shirin, naomba unifundishe," nilimwambia.

"Kaa nyuma na wenzako," akanijibu. "Ukitaka kusema, nyosha mkono."

Nilidhani anatania. Kesho yake, katika kipindi nilichokuwa sina darasa, nilikaa dawati la nyuma magoti yakinigusa kidevu. Alipouliza nani ana sentensi nilinyosha mkono, mwalimu mzima mwenye cheti, nikaenda kuitundika ile ya kofia. "Where?" darasa likaniuliza. Nikawaonyesha kitabu. Mvulana mmoja akasimama kwa adabu zote, akaishusha karatasi yangu, akanirudishia mkononi.

Wakati wa mapumziko Bi Shirin alinimiminia chai kutoka chupa yake mwenyewe. "Rukia, mwanangu," akasema, "Kiingereza chako ni kizuri. Lakini hakijatoka nje ya nyumba hata siku moja."

Tangu siku hiyo nilikuwa wake. Sijui namna nyingine ya kulisema.

Sasa niwaambie kuhusu vibanio, maana ndivyo vilivyoniletea haya yote. Bi Shirin alipokuwa akitundika karatasi alivishika vibanio kwa meno, kimoja au viwili, huku anaendelea kufundisha kwa pembe ya mdomo, na watoto walimwelewa bila taabu. Kwa hiyo kila kibanio kilikuwa na alama za meno yake, vijishimo vidogo kwenye mti. Watoto walikuwa wakigombea kupewa chenye alama nyingi. Mimi nilikuwa mtu mzima, sikugombea. Nilikuwa nikivikusanya kipindi kikiisha, nikichagua polepole, nikiviangalia.

Kwa muda mrefu mimi ndiye niliyemkatia karatasi, nikamfungia kamba, na kila Alhamisi nikalihamishia darasa langu kwake tukafundisha pamoja. Mnaotaka kujaribu, niwaeleze kidogo. Chagueni neno dogo, kama 'keep', 'take', 'run' au 'get'. Maneno makubwa yana maana moja na hujiona. Madogo ndiyo yanayofanya kazi katika kila nyumba. Kamusi ifungueni mwisho, watoto wakishachoka kubishana. Kamba ifungeni kimo cha mtoto, msiifunge kimo cha mkaguzi. Kosa la sarufi msilipige wino mwekundu. Itamkeni sentensi inavyostahili, mtoto aende akaiandike upya mwenyewe. Wakibishana kama kufuga kuku na kutunza siri vikae pamoja au mbali, waacheni, tafuteni pa kukaa. Ndicho kipindi pekee ambacho niliwahi kunywa chai ikiwa moto.

Na moyoni nilikuwa na hakika kwamba Bi Shirin akistaafu, vile vitu ni vyangu. Hakuwahi kuniahidi. Lakini nani mwingine? Nilitaka asimame mbele ya walimu wote aseme kwamba Rukia ndiye anayemwachia. Wengine walitaka kuwa walimu wakuu, mimi nilitaka hilo, na nililitaka mno.

Ndipo akaja Mwalimu Wekesa. Alitoka Bungoma na begi moja na sauti ya kwaya, na kwa kweli alikuwa akiimba kwaya kanisani kwao. Kiswahili chake kilikuwa cha bara. Siku ya kwanza aliingia darasani kwa Bi Shirin, akaitazama kamba, akauliza mbele ya watoto, "Na hii vibanio ni ya nini?" Watoto wakaangua kicheko. Bi Shirin naye akacheka mpaka akavua miwani akaifuta. Mimi niliyekuwa nikitamka kila kitu sawasawa tangu siku niliyofika sikuwahi kumchekesha namna ile.

Akamwambia akae nyuma na wenzake, anyoshe mkono akitaka kusema. Lilikuwa dawati lile lile. Nilijihisi kama niliyerudi nyumbani nikakuta mtu kalala kitandani mwangu. Na yeye sentensi yake ya kwanza haikushushwa. Aliandika 'My neighbour keeps me awake', kwamba jirani yake hukesha na redio na hamwachi alale, darasa likamwuliza, "Where?", akajibu ni kule alikopanga chumba, na akaigiza hiyo redio kwa sauti yake ya kwaya. Kicheko chao kilivuka ukuta, hata darasa langu likacheka.

Kisha Bi Shirin akaanza kumletea bhajia zilizofungwa ndani ya gazeti.

"Kijana yuko mbali na kwao," aliniambia aliponiona nazitazama.

Mimi nilikuwa karibu na kwetu, basi bhajia sikustahili. Nilikaa pale nikanusa.

Halafu siku moja, tukiwa watatu chumba cha walimu, Wekesa akasema, "Madam, hawa watoto wanaleta sentensi za nyumbani tu. Si tuwatoe, waende kuzitafuta?" Bi Shirin alipiga makofi. Yeye hakuwahi kulifikiria, na mimi sikuwahi, na kwa kuwa sikuwahi niliona ni wazo la hatari, nikataja magari, jua, na mikokoteni. Nikapewa kazi ya kufuata nyuma ya mstari kuhakikisha hakuna mtoto anayebaki Marikiti akila embe.

Katika darasa langu alikuwako msichana jina lake Saumu. Kuandika aliandika, lakini kwa Kiingereza hakuwa amesema neno. Nilijaribu upole, nilijaribu ukali, nilimkalisha mbele, nikamkalisha nyuma, nikamfundisha peke yake wakati wenzake wanacheza. Sentensi alikuwa nazo, ila hakutundika hata moja, kwa sababu ukitundika utaulizwa ni wapi, na ukiulizwa utajibu kwa sauti. Yeye ndiye mwanafunzi aliyenisumbua kuliko wote niliowahi kuwafundisha, na nilikuwa nimeapa kwamba atakayemfungua mdomo ni mimi.

Tulizunguka na watoto mpaka Mwembe Tayari, pale yanapopakia mabasi ya bara. Mamake Saumu alikuwa akiuza chai na mahamri kandoni, ana mabenchi yake na kigoda kimoja cha mti kilichowekwa peke yake mwishoni. Wekesa alikuwa ametota jasho. Akakiona kigoda, akakiendea, akainama akae. Saumu alitoka kwenye mstari mbio, akasimama baina ya mwalimu na kigoda.

"No, teacher," akasema. "I keep it. For my father."

Wekesa aliganda pale pale, nusu amekaa nusu amesimama. Hakumsifu wala hakushangilia. Alimwuliza kwa sauti ya kawaida, kama ilivyo desturi ya kamba, "Where?" Saumu akanyosha kidole kule mabasi yanakotokea. "Kampala," akajibu, kisha akarudi kwenye mstari kama kwamba hakuna kilichotokea.

"Babake yuko huko kikazi," mamake aliniambia akinimiminia chai. "Kila siku ambayo basi la huko laja, kile kigoda hakikaliwi. Hata mimi mamake hanipi, mwalimu."

Sikilizeni sasa. Chai ya mama yule nilikuwa nikiinywa kila Jumamosi nikitoka sokoni. Nilikuwa nikikaa benchini, na kigoda nilikiona kimetengwa, nikasema moyoni kwamba kina mwenyewe, nikakiacha. Adabu zangu ndizo zilizoniponza. Mtu wa bara asiyejua lolote anakuja mara moja tu, anataka kupumzisha miguu, na mtoto niliyemhangaikia kwa mihula yote ile anamfungulia mdomo. Chai ile ilikuwa na sukari ya kutosha lakini niliiona chungu.

Alhamisi yake Saumu aliitundika, 'I keep a chair for my father'. Watoto wakabishana iwekwe na zipi. Haikukaa vizuri na kuku, haikukaa na siri, na mwisho wakaisogeza pembeni wakaipa nafasi yake yenyewe. Bi Shirin akatoa kibanio kinywani, akakifuta kwa upande wa mtandio wake, akampa Wekesa amsaidie Saumu kubana. Akampa Wekesa, na mimi mwalimu wa Saumu nimesimama hapo hapo. Nilipiga makofi pamoja na wengine mpaka viganja vikaniuma.

Haukupita muda mrefu Bi Shirin akastaafu. Tulimwandalia chai na kaimati katika ukumbi, na wakati wa kuzungumza alisimama na mfuko wa dukani kwa mumewe. Nilikuwa nimevaa buibui jipya. Nilikuwa nimefanya hata mazoezi ya uso wa kushangaa.

"Wekesa," akaita. Akatoa kamba, ameikunja vizuri. "Hii yako."

Masikio yangu yalipata moto. Nilitazama chini nikahesabu vigae.

"Rukia," akaita tena. Akatoa mkebe wa biskuti, akautikisa, ukalia. "Hivi vyako."

Vilikuwa vibanio. Watu wakapiga makofi, na mimi nikangoja aeleze. Aliuliza kama kaimati zimebaki.

Nusu! Nimemkatia karatasi kabla Wekesa hajajua Mombasa iko upande gani, nikapewa nusu, na nusu yenyewe ni vidude vya kuanikia nguo. Nilibeba mkebe mpaka nyumbani, nikauweka kabatini chini ya leso zangu za harusi, nikafunga kwa ufunguo.

Kamba nilijinunulia Marikiti, pamoja na vibanio vipya vya mti. Wekesa akanunua vya plastiki vya rangi rangi. Watoto walivipenda, na niliona wivu hata juu ya plastiki, ingawa joto la hapa lilivikausha na kuvivunja kila mara ikabidi anunue vingine. Tukawa tunafundisha kila mtu kwake, yeye upande wake wa mbao na mimi wangu. Tulisalimiana vizuri kila asubuhi. "Sabalkheri, Mwalimu Wekesa." "Sabalkheri, Madam." Hakuna aliyeweza kusema tumegombana, kwa kuwa hatukugombana. Ila Alhamisi za pamoja ziliisha, na hata mmoja wetu hakuuliza kwa nini.

Bi Shirin alikuja kututembelea mara moja. Aliingia darasani kwangu, akaikagua kamba yangu kutoka dirishani hadi msumarini, kisha akanigeukia.

"Where?" akaniuliza.

"Nimevihifadhi, Bi Shirin. Watoto wasije wakavivunja."

"Ah," akasema.

Aliniaga kwa upendo kama kawaida, lakini hilo 'ah' lilibaki nami. Mpaka leo nikilikumbuka hupangua kabati zima nikalipanga upya bila sababu.

Kila Idi nilikwenda kumpa mkono kwake. Nikishakaa tu na sahani mapajani, Bi Shirin huanza. "Wekesa hajambo? Wekesa anakula vizuri? Bado anaimba?" Nimefunga safari mimi, nimevaa mimi, nimeleta halua mimi, na anayeulizwa ni Wekesa. Hata mara moja hakusema, Rukia, na wewe je? Nilikuwa nikijibu kwamba hajambo, anakula, anaimba, huku nikitafuna kwa hasira. Alipofariki nililia sana, na katikati ya kilio nikatupa jicho nje kwenye viti vya wanaume, nikamwona Wekesa ameinama, mabega yanamtikisika. Nikafikiri, hata kulia huyu mtu anataka kunishinda.

Basi twende kwenye siku mliyoniaga. Mlikuwapo, mlimsikia, ila hamkujua alikuwa akisema nini. Wekesa alisimama na mvi zake. Kiswahili chake hakijapona.

"Mimi nataka kusema kitu moja tu," alianza. "Hii miaka yote nimemwonea Madam Rukia wivu. Mnacheka, lakini ni ukweli. Mimi nilipewa kamba. Kamba ilioza, nikanunua ingine, ikaoza pia. Kamba ni kamba tu. Yeye alipewa vibanio, na iko na meno ya Bi Shirin. Alafu nikienda kumsalimia huyo mama kwake, hata siku moja hakuniuliza, Wekesa, wewe uko aje. Alikuwa ananiuliza tu, 'Rukia hajambo? Bado anakasirika?' Nikajua kwa hii nyumba mtoto ni nani, na mgeni ni nani."

Mlicheka sana hapo kwenye kukasirika. Mimi niliangalia ndani ya kikombe.

Mliniomba niandike, kwa hiyo nitaandika nilichohisi. Nilifurahi. Majuto yalikuja baadaye na hayakukaa. Kwanza nilifurahi tu, furaha ya kitoto, kwamba kumbe kuna mtu alikuwa ameketi upande wa pili wa ukuta ule miaka yote ananionea wivu mimi. Ningejua mapema ningefundisha kwa raha zaidi. Na nilipofika nyumbani, nikiitafutia ile saa yenu msumari, ndipo nilipofikiri habari ya pili. Mimi niliulizwa habari zake, yeye akaulizwa habari zangu. Bi Shirin alikuwa akitutuma kila mmoja kwa mwenzake, na sisi, walimu wawili wenye vyeti, hatukwenda.

Wiki iliyofuata nilifungua kabati, nikachukua mkebe, nikaja shuleni. Mliniona mkadhani nimesahau kitu. Nilikwenda moja kwa moja kwa Wekesa. Alikuwa ameshaandika neno ubaoni, na lilikuwa 'keep', lile lile. Nikamfungulia mkebe. Alianza kuvitoa vile vya plastiki kimoja kimoja na kuvitia mfukoni.

"Kaa nyuma na wenzako, Madam," akasema hatimaye. "Ukitaka kusema, nyosha mkono."

Nilikaa. Magoti siku hizi hayafiki kidevuni, yanauma kabla hayajafika. Watoto walitundika zao, kuhusu simu isiyotunza chaji na dereva wa tuktuk anayeshindwa kukaa upande wake wa barabara. Kisha nikanyosha mkono. Nilikwenda mbele na karatasi yangu, na bila kufikiri nikakibana kibanio kwa meno ili nipate kuinyosha kamba. Kilikuwa na ladha ya mti na udi wa leso zangu. Nikatundika: 'I kept the pegs'.

"Where?" darasa zima likauliza.

"Kibokoni," nikawajibu, kwa Kiswahili, maana Kiingereza kilinitoka. "Kabatini, chini ya leso. Nikafunga na ufunguo."

Walicheka, hata waliokuwa hawajui wanacheka nini. Wekesa alikuwa akicheka bila sauti, anajifuta macho kwa tai yake.

Nilipotoka nilipita katika lile darasa langu la zamani. Wenyewe walikuwa uwanjani na mmoja wenu, darasa li tupu, kiti changu kimesogezwa mahali ambapo mimi nisingekiweka. Nikasimama karibu na ukuta. Kule upande wa pili wakauliza tena, "Where?", sauti moja ndogo ikajibu, na kicheko kikapita baina ya mbao kama siku ile ya viatu vipya. Nikaona wivu hapo hapo nilipo, juu ya Wekesa, juu ya watoto, na juu yenu nyote mtakaosikia kengele kesho.

Limebaki jambo moja, nalo mtamfikishia Wekesa mwenyewe. Vibanio sikumpa vyote. Kimoja, kile chenye alama za meno zilizo wazi kuliko vingine, ninacho hapa mezani, kimezishika karatasi hizi ninazowaandikia. Atakapokikosa atauliza ni wapi, namjua. Miaka yote hii sikuwahi kumkaribisha kwangu. Mwambieni aje Kibokoni, nyumba yenye mlango wa kijani, siku yoyote alasiri. Kibanio simpi. Bhajia zitakuwapo.